Siku Rula Alipopimwa

Jumanne asubuhi, kabla chai haijapoa, Rula alimwambia mkewe, "Keshokutwa nakwenda kupimwa."

Mkewe alikuwa amesimama, kikombe mkononi, anatafuta mfuniko wa birika. Aliacha kuutafuta. Akaketi taratibu kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, akamtazama mumewe kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni aliyekwisha kukatiwa tamaa.

"Kweli, baba watoto?"

"Kweli. Alhamisi, saa nne."

"Mungu mkubwa. Miezi kumi nakuimbia wimbo mmoja, leo umeingia sikioni."

Hapo ndipo Rula alipotambua kwamba wamepishana njiani. Yeye alikuwa anazungumzia fimbo za gofu. Mkewe alikuwa anazungumzia mkono.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Kidole cha pete na kile kidogo cha mwisho vilianza kwa ganzi, ganzi ikageuka uzito, na sasa vilining'inia kama vibarua wawili waliogoma huku wenzao wakiendelea na kazi. Tangu mwaka uanze vikombe vitatu vilikuwa vimemponyoka. Mkewe alipiga pasi kwa dobi, na mambo ya mikono na moto aliyajua kuliko wengi. Siku alipomwona mumewe ameegemeza kidole kwenye sufuria ya moto bila kushtuka, alimwambia, "Mkono usiohisi moto ni wa kuogopwa." Kuanzia siku hiyo hakumpumzisha.

Neno moja tu lingetosha kuweka mambo sawa. Lakini mama yule alikuwa ameshainuka kwenda kumtafutia shati jeupe, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo Rula hakuwa ameiona tangu binti yao mdogo aolewe. Nani angeizima saa moja asubuhi? Alikunywa chai yake.

Kazi yake ilikuwa kubeba. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa kedi, mtu wa kubeba mkoba wa fimbo nyuma ya mchezaji, kumkabidhi fimbo anayoitaka na kumshauri pale anapotaka kushauriwa. Hakuwa mrefu wala hakunyooka kama rula. Jina lilitokana na macho. Mchezaji akimwuliza shimo liko umbali gani, Rula alifumba jicho moja, kisha akataja mita. Baadaye klabu ilinunua vile vyombo vya kupimia kwa mwanga, na makedi wenzake wakasema vyombo hivyo si vibaya, maana mara nyingi hukubaliana na Rula.

Jumatatu wanachama hawachezi, na uwanja huachiwa wafanyakazi. Rula alikuwa na fimbo zake nane, zilizotoka kwa wachezaji watano. Ile ndefu ya kupigia mbali iliachwa na mama mmoja aliyehamia nchi nyingine. Mbili za chuma zilikuwa za bwana mrefu kama mlingoti. Nyingine ilivunjwa gotini na mwenyewe kwa hasira, ikaungwa. Rula alipopiga vibaya, na alipiga vibaya mara kwa mara, alitikisa kichwa na kusema, "Cha kuazima hakisitiri maungo."

Miaka kumi na miwili nyuma alikuwa amekaribia kabisa kulichukua kombe la wafanyakazi. Lilibaki shimo la mwisho, na mpira wake ulikuwa hatua mbili tu kutoka shimoni. Alishika ile fimbo fupi ya kusukumia, akausukuma. Mpira ulifika ukingoni, ukalichungulia shimo, ukaendelea na safari zake. Alishindwa kwa pigo moja.

"Fimbo fupi hii," alisema. "Si kipimo changu."

Kedi mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amezimwa, alidakia: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!"

"Na jua lenyewe la kuazima!" Rula akamjibu, na watu wakacheka, naye akacheka nao.

Lakini hakuwa anatania. Tangu siku ile aliishi na sentensi moja: siku nikipata fimbo za kipimo changu. Aliisema akishuka bondeni na mkoba wa mtu mwingine begani, aliisema akifua soksi, aliisema kwenye harusi ya bintiye mbele ya wakwe ambao hawakujua gofu ni kitu gani. Kwa miaka yote hiyo alikuwa mchezaji hodari ambaye bado hajapata fimbo. Ni cheo kizuri, maana hakuna wa kukupokonya.

Aliyemponza ni mtu aliyempenda. Jaji mstaafu, ambaye Rula alimbebea mkoba kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameisikia sentensi ile hadi akaikariri. Mwaka huu Rula alikuwa anastaafu, na kila kedi anayestaafu hupewa na klabu saa ya ukutani, kana kwamba anayeacha kazi ndiye mwenye haja ya kujua saa. Jaji alisimama mbele ya wenzake kwenye kamati akasema huyu hapewi saa. Huyu atapimwa na fundi, mwili wake mwenyewe, atengenezewe fimbo zake. Kamati ikakubali. Rula alipoambiwa alishukuru, na hakujua kama ile ilikuwa furaha.

Alhamisi aliondoka nyumbani na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikawa kama makali ya kisu.

"Usiwafiche kitu," mkewe alimwambia mlangoni, akimweka sawa kola. "Waambie na vile vikombe."

"Nitawaambia."

Chumba cha fundi kilikuwa nyuma ya duka la klabu. Upande mmoja palining'inia wavu wa kudakia mipira, na chini yake kipande cha zulia la kijani lililochakaa katikati. Ukutani vichwa vya fimbo vilipangwa kwenye misumari kama funguo za gereza, na fito za chuma zilisimama kwenye ndoo kwa unene wake. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mkavu wa makamo, futikamba shingoni kama fundi cherehani, penseli sikioni. Wanachama walimheshimu lakini hawakumpenda, kwa sababu moja tu: hakujua kusifu.

"Karibu, mzee. Koti weka pale."

"Nimekuja na mgonjwa," Rula alisema, akafungua kitambaa alichokishika. Ndani yake mlikuwa na ile fimbo fupi ya kusukumia, ya siku ile. "Pima hii kwanza. Halafu uandike kwenye karatasi yako nilivyoteseka."

Fundi hakucheka. Alimsimamisha juu ya mpira, akamwambia ainame kama anavyoinama siku zote, alegeze mikono. Alishusha uzi wenye kipande kizito cha risasi kutoka kwenye jicho la Rula hadi sakafuni. Alipima urefu wa fimbo, akapima pembe ya kichwa chake, akarudia vyote viwili bila kutazama namba za kwanza.

"Iko sawa."

"Sawa vipi?"

"Urefu wake ni wako. Pembe yake ni yako. Ungeniagiza leo nikutengenezee ya kusukumia, ningetengeneza hiihii."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili, mzee."

"Mara ya tatu ndiyo ya haki."

"Ya haki ilikuwa ile ya kwanza," fundi alisema, akaifunga fimbo katika kitambaa chake kwa uangalifu na kumrudishia.

Rula aliiegemeza ukutani. Aliona haya, haya ya mtu aliyemshtaki jirani kwa wizi kisha kitu kikapatikana chini ya kitanda chake mwenyewe. Miaka kumi na miwili. Mpira ule ulikuwa umesukumwa kwa fimbo inayomfaa, na mtu aliyeishika ndiye hakufaa.

"Tuendelee," alisema. "Hiyo ni moja. Bado hizi ndefu."

Fundi alimsimamisha wima, mikono ikining'inia, akapima kutoka kifundo cha mkono wa kushoto hadi sakafuni. Akaandika. Kwa kawaida huwa anaishia hapo. Safari hii alirudi nyuma hatua moja, akatazama, akaja kupima mkono wa kulia pia.

"Simama sawasawa."

"Nimesimama."

"Usiinamie upande."

"Sijainama, fundi. Labda nyumba yako ndiyo imeinama."

Fundi alimwonyesha futikamba. Mkono wa kushoto ulikuwa karibu na ardhi kwa sentimita tatu kuliko wa kulia. Mkoba mmoja una uzito wa mtoto wa miaka minne, na Rula alikuwa amembeba mtoto huyo kwenye bega lilelile la kushoto, kwa mkanda uleule wa ngozi, siku sita kwa wiki. Vijana wa siku hizi walibeba kwa mikanda miwili, mgongoni. Yeye aliwacheka, akisema hivyo hubebwa mikoba ya shule.

Akapewa fimbo ya chuma ya majaribio. Fundi alibandika karatasi nyembamba kwenye uso wa fimbo ili mpira ukigongwa uache alama. Rula alipiga mipira sita. Alama zilitawanyika kama makombo: moja nchani, mbili kisiginoni, moja karibu na ukingo wa juu. Fundi akabadilisha ufito, akaweka mwepesi. Akabadilisha mshiko, akaweka mnene. Akakunja shingo ya fimbo kidogo kwenye chombo chake, akaipima, akamrudishia. Kila mara Rula alijisemea, hii sasa ndiyo. Na kila mara, fimbo ilipogusa mpira, iligeuka mkononi mwake kama samaki.

Baada ya mpira wa ishirini na kitu, fundi alisema, "Basi."

Alichukua kadi ya kuandikia alama kutoka mezani, ile ngumu ya karatasi nene. "Nyoosha mkono wa kushoto. Vidole viwili hivi vya mwisho." Akaichomeka kadi katikati yake. "Bana."

"Nimebana."

"Bana kwa nguvu zako zote."

"Nimebana, nakwambia!"

Fundi aliivuta. Kadi ilitoka kama barua kwenye bahasha iliyofunguliwa zamani. Akaichomeka kwenye mkono wa kulia, akavuta, na kadi ikakatika kipande.

Wote wawili walikitazama kile kipande kilichobaki kati ya vidole.

"Fimbo hushikwa na vidole hivyo vya kushoto," fundi alisema. "Vingine husaidia tu. Fimbo naweza kuikunja, mzee. Mkono siwezi. Mimi si daktari, lakini nimewaona wawili kama wewe, wote makedi. Mshipa umebanwa mahali, pengine hapo begani. Mmoja alikwenda hospitali mapema, wakamsaidia, anashika fimbo hadi leo."

"Na wa pili?"

"Alingoja. Siku hizi hufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja." Akachukua penseli. "Nenda wiki hii. Huenda hujachelewa."

Kabla Rula hajajibu, mlango ulifunguliwa na Jaji akaingia, uso umejaa furaha ya mtu atoaye zawadi.

"Eh, Rula! Umepimwa?"

"Nimepimwa, Mheshimiwa."

"Basi hakuna kisingizio tena! Jumatatu ya kombe tutakuja kukutazama sote." Akacheka, akampiga bega, lile la kushoto, akatoka alivyoingia.

Fundi alikuwa bado ameshika karatasi. "Nitengeneze kwa kipimo kipi? Ulivyo leo, au ulivyokuwa?"

"Tengeneza kwa mtu aliyenyooka."

"Huyo hayupo humu ndani."

"Andika tu, fundi."

Fundi akaandika.

Kwenye lango la nyuma Rula alimkuta Redio ameketi juu ya kreti, anasafisha mipira kwa kitambaa. "Haya, mzee wa kipimo! Sasa tuone maua ya mbaazi."

"Maua gani, ndugu yangu," Rula alisema, akauinua ule mkono. "Kama si huu mkono."

Redio aliacha kusafisha. Utani ulimtoka usoni. "Umekuwaje?"

"Umekufa. Kama si mkono, mwaka huu ningewaonyesha."

"Pole sana, kaka. Pole."

Sentensi ile ilimkaa mdomoni vizuri, kama kiatu cha zamani. Aliirudia njiani peke yake. Kama si mkono. Akahesabu hatua hadi nyumbani bila kutaka, kama alivyozoea kuhesabu. Alipofika mlangoni alikuwa ameshaamua, ijapokuwa hakuna mahali ambapo angeweza kusema, hapa ndipo nilipoamua.

Mkewe alikuwa ameomba ruhusa kwa dobi ili amngoje. Hakumwacha hata akae.

"Wamesemaje?"

Rula alivua koti, akalitundika. "Wamepima mkono, wamepima bega. Wamenitia kadi hapa katikati ya vidole, wamevuta." Mpaka hapo kila neno lilikuwa la kweli. "Wamesema hakuna dawa."

"Hakuna kabisa?"

"Nimechelewa."

Mkewe aliweka mkono kifuani. Kisha akasema, "Basi," kwa sauti ndogo sana. Wakati wa chakula alivuta sahani ya mumewe kwake, akamkatia nyama vipande vidogo, akairudisha. Ilikuwa mara ya kwanza. Rula alivila vipande vyote, kimoja kimoja, bila kuinua macho.

Wiki sita zilipita. Mkewe hakutaja hospitali tena hata mara moja. Alimfunga vifungo asubuhi, akammiminia chai nusu kikombe. Kidole cha tatu kilianza kufa ganzi.

Siku ya kumuaga, viti vilipangwa kwenye veranda ya klabu saa tisa alasiri. Mkewe alivaa gauni lake la kutokea na kukaa mstari wa mbele. Jaji alihutubia. Alisema Rula alimjulisha umbali wa kila shimo na hakuwahi hata siku moja kumjulisha jinsi ya kufika, watu wakacheka. Kisha ukaletwa mkoba mpya wenye fimbo saba, vichwa bado vimefungwa nailoni, ving'aavyo kama vijiko vya wageni. Watu wakapiga makofi. Rula aliupokea kwa mkono wa kulia.

"Na huyu hapa," Jaji alimwambia mke wa Rula, akimvuta fundi kwa kiwiko, "ndiye aliyempima mumeo."

Mama alimwangalia fundi. Akaangalia futikamba iliyokuwa shingoni mwake.

"Wewe ndiye uliyempima?"

"Ndiye mimi, mama."

"Siku gani?"

"Alhamisi, wiki sita zilizopita. Saa nne." Fundi akateremsha sauti. "Hospitali walisemaje? Maana nilimwambia aende wiki ileile."

Rula alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Kwa macho yake angeweza kukadiria kila kitu kilichokuwa kati yao: hatua tatu, viti viwili, trei ya soda. Aliona uso wa mkewe ukifunguka, ukaelewa, ukafungika tena. Watu walikuwa wakiwatazama. Jaji alikuwa bado anatabasamu.

"Walisema hakuna dawa," mama akajibu.

Fundi aliinamisha kichwa. "Pole, mama."

"Ahsante."

Walitoka jua likiwa bado juu. Rula alinyoosha mkono kuuchukua mkoba, mkewe akamtangulia. Aliutia mkanda begani, akaurekebisha kidogo, akaanza kutembea. Wakapita duka la vifaa vya umeme na kona ya shule.

"Kwa nini?" akauliza, bila kugeuka.

Rula alitafuta jibu kweli. Lililomjia lilikuwa lilelile, kama si mkono, na aliona aibu kulisema mbele ya mtu aliyekuwa amembebea mzigo. Fimbo zilikuwa zinagongana mgongoni kwa mama, saba, mpya, za mtu aliyenyooka.

"Kesho tunakwenda kupimwa," mkewe alisema.

"Nimeshapimwa."

Mama aliendelea kwenda. Rula akamfuata nyuma, pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa akimfuata mchezaji miaka yote, ila safari hii alikuwa mikono mitupu. Mbele yake aliliona bega la kushoto la mkewe likianza kushuka chini ya mkanda. Alilipima kwa jicho, kidole kimoja, halafu viwili.

"Badilisha bega, mama watoto," alisema.

Hakubadilisha.